Jicho halikuuma hata kidogo: retina yangu ilivyoachia nikisuka mteja Osiri

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Miaka yote nasoma nyuzi zenu, nacheka na comments, halafu natoka bila kusema kitu. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu juzi kuna mtu aliuliza hapa kuhusu "vimulimuli vya jicho" akajibiwa anywe juisi ya karoti.

Karoti ni chakula kizuri. Lakini ngoja niwaeleze yaliyonipata mimi, kwa mwili wangu, bila kuongeza chumvi. Penye sikumbuki nitasema sikumbuki.

Kiswahili changu ni cha huku Migori, mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Naitwa Bhoke. Mimi ni Mkuria, kwetu Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania. Nimeolewa na Mjaluo anaitwa Odhiambo. Yeye Kikuria hajui, mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, kwa hivyo nyumba yetu inaongea Kiswahili. Hata tukigombana ni Kiswahili, ingawa hapo kila mtu humalizia na lugha ya mama yake.

Tunakaa Osiri, huku kwa machimbo ya dhahabu. Odhiambo anasimamia mashine ya kusaga mawe. Mimi nina saluni ndogo ya kusuka, na ukitaka habari yoyote ya Osiri, njoo ukae kwa kiti changu.

Navaa miwani tangu shule ya msingi. Lenzi nene mpaka watoto walikuwa wananiita Chupa. Ya karibu naiona sawa, ya mbali bila miwani ni ukungu. Nilijua hiyo ndiyo shida yangu yote ya macho. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jicho la mtu kama mimi limerefuka kwa ndani, na ile ngozi ya nyuma inayoshika picha, yaani retina, huwa imevutika na ni nyembamba kuliko ya wengine.

Sasa tuingie kwa yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali. Namsuka msichana mmoja, nikaona umeme umepiga upande wa kulia.

Nikamuuliza, "Mvua inakuja?"

Akaangalia nje. "Mvua gani na hii jua?"

Baada ya muda kidogo ukapiga tena. Ukali wake ni kama mtu anapiga picha na flash akiwa amesimama nyuma ya sikio lako. Nikigeuka haraka, unapiga. Nikifunga macho, bado unapiga.

Kesho yake asubuhi nikaamka na vitu vyeusi vinaelea kwenye jicho la kulia. Wengi wetu tuna kale kadoa kamoja ama kauzi kanapita mbele ya jicho ukiangalia anga. Hako nilikuwa nako miaka mingi na hakanisumbui. Hii ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kama mtu amesaga makaa akamwaga kwa maji, halafu akakoroga. Nikisogeza jicho, yote yanasogea.

Na wakuu, hapa mnisikize vizuri. Hakukuwa na maumivu. Jicho halikuwa jekundu. Halikutoa machozi wala tongo. Ukiniangalia, mimi ni mzima kabisa.

Odhiambo alivuta kope chini, akapuliza, akaangalia. "Nyar Kuria, hii ni vumbi ya mawe. Sisi wote hapa tunakula vumbi." Nyar Kuria ni binti wa Wakuria, ndiyo jina aliloniita tangu tuanze kuongea.

Nilienda duka la dawa. Kijana akaniuliza kama linawasha, nikasema hapana. Akanipa tone za allergy. Simlaumu, na yeye hana mashine ya kuona nyuma ya jicho. Jirani yangu naye akaniambia ni sihoho, kwamba kuna mtu mwenye jicho baya ameniangalia nikila. Nilicheka, lakini nitasema ukweli, siku hiyo nilikula mlango ukiwa umefungwa.

Nikaweka tone. Umeme ukapungua. Nikasema asante Mungu, dawa imeshika.

Kumbe umeme ulipungua kwa sababu kile kilichokuwa kinavutwa kilikuwa kimeshachanika.

Siku iliyofuata kwa kiti alikuwa Mama Zuhura. Huyu ni mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, ana duka la vitambaa Migori mjini, na huwa anakuja mpaka Osiri kuleta mali kwa wateja wake. Hapo ndipo tulijuana. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa. Nikachukua chupa ya dawa ya nywele, ikaniponyoka mkononi, tone likaingia kwa jicho la kushoto.

Likachoma, nikalifunga. Nikawa nimebaki na la kulia peke yake, na mbele yangu ni kioo cha saluni.

Kidevu changu hakikuwepo.

Naangalia kioo, naona paji la uso, naona miwani, naona pua. Chini, upande wa pua, kuna kivuli cheusi kimepanda kama mtu ameinua shuka kutoka chini. Kidevu hakuna, bega la kushoto hakuna, na kichwa cha Mama Zuhura naona kipande tu.

Nikafungua la kushoto. Kila kitu kikarudi. Nikalifunga tena. Shuka ile pale.

Nadhani ilikuwa imeanza tangu asubuhi, ama hata jana, sijui. Jicho zima lilikuwa linanifichia ubovu wa mwenzake.

Nikakaa kwa ndoo. Mama Zuhura akaniona kwa kioo.

"Una nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Hakuniuliza swali lingine. Akasimama, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, akavuta mtandio wake akajifunika.

"Funga duka twende."

"Mama, nikumalizie kwanza, hivyo utaendaje?"

"Mimi nina mtandio, wewe huna jicho la akiba. Ndugu yangu alisema ngoja Idi ipite. Idi ikapita na jicho likapita. Funga duka."

Alikuwa na gari lake dogo la kubebea mali. Nikampigia Odhiambo, akaja na vumbi mpaka kwa nyusi, akapanda nyuma na maboksi ya vitambaa. Tukaenda Migori mjini kwa kliniki ya macho.

Pale nilimkuta mhudumu wa macho, kijana mpole. Alinitia tone za kupanua mboni, tukangoja, halafu akaniangalia na taa kali ambayo inakufanya utamani kukimbia. Akaangalia muda mrefu. "Angalia juu. Angalia kulia. Rudi juu tena." Alipozima taa alivuta kiti akakaa karibu.

"Mama, umeshaona nyumba ya udongo? Ukuta ukipata ufa, maji ya mvua yakaingia nyuma ya kandiko, inakuwaje?"

"Kandiko linaachia."

"Basi. Retina yako imechanika upande wa juu. Maji ya ndani ya jicho yamepita kwa hiyo tundu na yanaibandua kutoka ukutani. Ile sehemu ya katikati unayotumia kusoma na kutambua sura bado imeshika. Ikibanduka hiyo, tunaweza kurudisha retina lakini hatuwezi kukuahidi macho ya zamani."

Odhiambo akauliza, "Sasa tumlete lini?"

"Hapa sina cha kumfanyia. Anaenda Kisumu kwa daktari wa retina. Leo."

"Daktari wa macho si hata Migori yuko?"

Akatueleza kitu ambacho mimi sikukijua mpaka siku hiyo. Kuna wa kupima miwani. Kuna daktari wa macho wa kawaida. Halafu kuna yule aliyesomea nyuma ya jicho peke yake, na hao ni wachache sana. Akapiga simu mwenyewe mbele yetu ili tusifike tukaambiwa turudi wiki ijayo. Huyo kijana popote alipo, Mungu ambariki.

Gharama sitaziongelea hapa, kila hospitali ina yake na kila mtu ana bima yake.

Tulifika Kisumu jioni. Asubuhi nikaingia theatre.

Najua mnataka kujua kama inauma. Walichoma sindano ya ganzi kando ya jicho, hiyo unaisikia. Baada ya hapo nilikuwa macho, nasikia sauti zao, naona vivuli na rangi zikitembea kama mafuta ya gari juu ya maji. Uchungu hakuna. Hofu, ndiyo. Nurse mmoja alinishika mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho na sikuwahi kuona uso wake.

Walitoa ute wa ndani, wakarudisha retina mahali pake, wakapiga laser kuzunguka mchaniko, halafu wakajaza jicho gesi. Gesi ndiyo inasukuma retina ishikane na ukuta mpaka ikauke. Ndiyo maana unaambiwa ulale kifudifudi, uso chini, mchana na usiku. Ndani ya jicho gesi inapanda juu kama povu. Ukiangalia chini, "juu" inakuwa ni nyuma ya jicho, pale inapohitajika.

Kabla nitoke, daktari mwenyewe, mama wa makamo, akaniuliza, "Unaenda wapi kutoka hapa?"

Nikasema nyumbani, Osiri.

"Mtapita wapi?"

"Kisii."

Akatikisa kichwa. "Kisii ni juu. Ukipanda milima, gesi ndani ya jicho inavimba, presha inapanda, na unaweza kulipoteza hilo jicho njiani. Hakuna ndege, hakuna milima, mpaka mimi niseme gesi imeisha. Una mtu huku chini, karibu na ziwa?"

Odhiambo ana shangazi Homa Bay. Waya, ndivyo Wajaluo wanavyomwita dada ya baba. Alikuwa mpishi wa shule, sasa amestaafu. Tukashuka na barabara ya Kendu Bay, chinichini na ziwa, mimi nimeinamisha kichwa magotini njia yote. Ziwa nililisikia kwa harufu tu.

Wakuu, kulala kifudifudi ni kazi. Shingo inawaka, mgongo unalia, pua inaziba. Waya alikunja mablanketi akatengeneza kama shimo la kuweka uso nipate hewa. Chakula aliweka kwa kigoda chini, nakula nikiinama kama kuku. Watu wakija kunisalimu naona miguu tu. Nilijifunza viatu vya kanisa lote la Waya. Akipita ananigusa mgongoni, "Pole nyathina," mwanangu pole.

Sasa hapa katikati ndipo jambo zito likaja.

Bibi yangu mzaa baba alifariki Ntimaru. Huyo ndiye aliyenilea, na jina langu ni lake. Mama alikuwa shambani na biashara za mpakani, mimi nikakua mgongoni kwa bibi. Kwetu mjukuu mwenye jina lake hakosi kaburini.

Baba akapiga simu. Nikaweka sauti ya juu, simu sakafuni.

"Bhoke, tunazika Jumamosi. Unakuja lini?"

Nikamweleza. Upasuaji, gesi, milima. Ntimaru ni juu, kila mtu anajua baridi ya kule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Macho ni mawili. Bibi yako alikuwa mmoja."

Akakata simu.

Nililia na kulia pia nilikuwa naogopa, kwamba labda machozi yataharibu jicho. Nikamwambia Odhiambo atafute gari, nitaenda nimeinama, nitarudi haraka, hawataniona kama ni mkwe wa Wajaluo aliyesahau kwao.

Odhiambo akakaa sakafuni. "Daktari alisema nini kuhusu milima?"

"Unajua alichosema."

"Basi mimi ndiye nitaenda. Nitakuwa wewe."

Kwa wasiojua, hii si jambo dogo. Mkwe wa Kijaluo, Kikuria hajui, anaenda kusimama kwa matanga mahali pa mjukuu mwenye jina. Nilimfundisha sentensi moja ya Kikuria ya kusema, akairudia mpaka Waya akaijua.

Alienda. Aliyoyafanya kule nimeyasikia kutoka kwa wengine, yeye hakujisifu. Alipopewa nafasi, alisema ile sentensi, akaikosea, watu wakacheka kidogo, akaendelea kwa Kiswahili.

"Wazee, mimi nasaga mawe, mambo ya hospitali sijui. Lakini nilikuwa pale daktari akiongea. Jicho la Bhoke limejazwa hewa. Akipanda huku, ile hewa inavimba ndani na jicho linakufa. Alitaka kuja hivyo hivyo. Mimi ndiye nimemkataza. Kama kuna kosa, ni langu."

Kisha akashika udongo akaurusha mara mbili, wa kwake na wangu.

Baada ya mazishi, bila kupiga simu, baba yangu akaja Homa Bay.

Nilisikia sauti yake mlangoni akisalimiana na Waya kwa Kiswahili cha wazee, kila mmoja akitafuta maneno. Kisha, nikiwa nimeinama ukingoni mwa kitanda, nikaona viatu vyake. Viatu vyeusi, matope mekundu ya kwetu bado yamekauka kandokando. Nikataka kuinua uso nimwamkie vizuri.

"Usiinuke," akasema.

Akavua kofia. Halafu baba yangu, mzee wa Kikuria ambaye sijawahi kumwona ameketi chini bila kiti, akapiga magoti, akajilaza chali kwa sakafu ya Waya, akasogea mpaka uso wake ukawa chini ya uso wangu.

"Unaniona?"

Kwa jicho la kushoto nilimuona. La kulia lilikuwa na gesi, lilikuwa linaona kama uko ndani ya maji.

"Nakuona, baba."

Akanielezea mazishi yote akiwa amelala hapo. Nani alikuja, nani hakuja, mvua ilivyosubiri mpaka wakamaliza. Akaniambia Odhiambo alivyokosea Kikuria, tukacheka wote wawili, machozi yangu yanamdondokea shavuni na hayapangusi.

Akasema, "Bibi yako hii miaka ya mwisho alikuwa akishika ukuta. Alisema kuna giza linaingia. Sisi tulisema ni uzee."

Sijui bibi alikuwa na nini. Hakuna aliyempima. Sitawadanganya hapa kwamba ilikuwa retina.

Lakini baba ana sukari, miaka mingi, na nilimuuliza pale pale kama ameshapimwa nyuma ya jicho.

"Mimi naona vizuri. Nipimwe nini?"

Waya akadakia kutoka jikoni, "Si upimwe tu mzee, kwani watakumeza?"

Kesho yake Odhiambo akampeleka kliniki Homa Bay. Wakampanua mboni, wakakuta mishipa midogo ya retina inavuja damu kwa sababu ya sukari, macho yote mawili. Yeye alikuwa hajaona dalili yoyote. Walimwambia angengoja mpaka aone vibaya, wangekuwa wanaokoa mabaki. Amepigwa laser, anarudi kila wanapomwambia, na sukari sasa anaichunga kuliko ng'ombe.

Mimi gesi iliisha polepole. Niliona mstari ukishuka mbele ya jicho kama maji kwenye chupa, juu ya mstari naona dunia, chini ni ukungu. Mwishoni kikabaki kiputo kidogo kinachezacheza, halafu siku moja sikukiona tena. Daktari akapima, akasema naweza kupanda mlima. Safari yangu ya kwanza ilikuwa kaburini kwa bibi.

Jicho la kushoto nalo walilikuta na sehemu nyembamba, wakalipiga laser mapema kabla halijachanika. La kulia baadaye lilipata mtoto wa jicho, waliniambia tangu mwanzo kwamba huwa inatokea baada ya upasuaji kama ule, na huyo mtoto wa jicho akatolewa. Leo naona. Si kama zamani kabisa, gizani linachoka haraka, lakini nasuka. Mama Zuhura alikuwa mteja wa kwanza, na alinikumbusha mbele ya watu kwamba namdai nusu ya kichwa ama yeye ndiye ananidai, hatujaelewana.

Nilichojifunza nawaachia hivi.

Ukiona umeme pembeni mwa jicho, ama vidoa vingi vipya vimetokea ghafla, ama kivuli kimeingia kutoka upande wowote, nenda siku hiyo hiyo upanuliwe mboni. Usingoje liume, retina haina maumivu. Umeme ukipungua wenyewe usishangilie. Na zaidi kama una miwani ya namba kubwa kama mimi, umewahi kupigwa jichoni, ama kuna mtu wa familia yenu alipata hii kitu.

Mwenye sukari apimwe retina kila mwaka hata kama anasoma gazeti bila miwani. Na kila mtu, mara moja moja, afunge jicho moja aangalie na lingine, halafu abadilishe. Haichukui muda wowote.

Mimi si daktari. Nimesimulia yangu tu. Yule ndugu wa vimulimuli, kama unasoma hapa, tafadhali acha simu hii uende ukapimwe leo, comments utazikuta.

Wengine karibuni. Kama umelala kifudifudi na gesi, tuambie shingo uliifanyaje. Na kama una mzazi mwenye sukari, tuambie tu kama ameshapimwa.